Reale Zilizopigwa Birmingham



Leo nina neno ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Zile reale za fedha zenye sura ya bibi wa Kizungu na mwaka 1780, ambazo katika nyumba nyingi za jamaa zetu huonyeshwa wageni kuwa ushahidi wa ukongwe wa ukoo, aghalabu si za mwaka 1780. Nyingi zilipigwa baadaye sana, na baadhi yake zilipigwa hapahapa Birmingham, katika Icknield Street, baina ya mwaka 1949 na 1955, wakati ambapo baba zetu wengi walikuwa watu wazima. Rai yangu ni kwamba jambo hilo haliziondolei heshima hata chembe. Kinachoziondolea heshima ni sisi kutoandika zilikotoka na mikono zilimopita.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwaka jana alifariki shangazi yangu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha pamoja na vitu vingine reale nne zilizotiwa vikuku vidogo vya fedha ili zivaliwe shingoni. Alivishwa siku ya harusi yake Unguja na jamaa za mumewe, watu waliokuwa na mguu mmoja Oman na mguu mmoja pwani. Ulipofika wakati wa mirathi, kijana mmoja wa ukoo alizipeleka kwa mnunuzi wa vitu vya kale ili zithaminiwe. Akajibiwa kwamba fedha yake ni ya kweli lakini zimepigwa karne ya ishirini, na bei yake haizidi sana bei ya fedha iliyomo. Kijana alirudi amenuna. "Ami," akaniambia, "ni feki. Bora tuziuze kwa mizani tugawane." Wengine walikubaliana naye. Wengine walighadhibika, wakasema mnunuzi ni mwongo na reale zile ni za tangu enzi ya Sayyid Said. Nionavyo mimi, pande zote mbili zilishika swali moja tu, nalo ni swali la umri.

Nilikuwa karani maisha yangu yote ya kazi. Karani akipokea hati haanzi kwa kuuliza ina umri gani. Huuliza imetiwa saini na nani, na imepita kwa nani mpaka kumfikia. Basi na tuanze na aliyetia saini.

Birmingham ni mji usio na bahari wala mto wa kupitisha jahazi. Ulichokuwa nacho ni makaa na chuma cha majirani zake, mifereji iliyochimbwa kwa mikono, na mafundi wasiohesabika. Hapa zilitengenezwa bawaba, vitasa, vifungo, bizimu, taa, bunduki, vitanda vya shaba, hata zile nibu za chuma ambazo makarani wa dunia nzima walichovya katika wino. Mwaka 1788 Matthew Boulton, mshirika wa James Watt, alianzisha huko Soho, upande wa Handsworth, karakhana ya kwanza kupiga sarafu kwa nguvu ya mvuke. Mwaka 1797 alipiga sarafu za shaba za Uingereza zilizokuwa nzito mno: peni moja ilikuwa na uzito wa wakia moja ya Kiingereza, na peni mbili wakia mbili. Boulton alifariki mwaka 1809, na mwaka 1850 mashine za Soho zikapigwa mnada.

Katika mnada huo alikuwapo Ralph Heaton, fundi wa kuchonga mihuri ya chuma na kutengeneza vyombo vya shaba. Alinunua mashine nne za kupigia sarafu, akazipeleka katika karakhana ya ukoo wake, Bath Street. Yeye alikuwa Ralph mwana wa Ralph, na mwanawe akaitwa Ralph, na mjukuu naye Ralph, kiasi kwamba mtu wa kwetu akisoma historia yao hujiona anasoma nasaba. Kazi ilipozidi nafasi, katika miaka ya mwanzo ya 1860 walihamia jengo jipya la matofali mekundu katika Icknield Street, karibu na mtaa wa masonara. Mwaka 1889 mali ya ukoo ikageuzwa kuwa kampuni, The Mint, Birmingham, Limited. Kwa muda mrefu hapakuwa na kiwanda cha watu binafsi duniani kilichokishinda kwa kupiga sarafu.

Namna ya kazi ilikuwa hivi. Madini huyeyushwa, humiminwa katika kalibu yakawa mapande marefu, kisha hupitishwa baina ya magurudumu mazito mpaka yawe na unene unaotakiwa. Hapo hukatwa vibamba vya duara, ambavyo hupashwa moto ili vilainike, vikaoshwa kwa dawa kali, vikapindwa ukingo. Mwisho kibamba huwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na kwa pigo moja sura ya mfalme huingia upande huu na thamani upande ule. Kwa shaba ya peni za Uingereza za tangu 1860, mchanganyiko ulikuwa sehemu 95 za shaba nyekundu, 4 za bati na 1 ya zinki. Mteja hakuona lolote katika hayo. Aliona sura na neno, akaamini.

Lakini fundi naye alitaka ajulikane. Kwa hiyo katika sarafu nyingi za Icknield Street utaona herufi moja ndogo, H, yaani Heaton. Katika peni za Uingereza ilianza kuonekana mwaka 1874. Haionekani upesi kwa macho ya mtu wa umri wangu, ila ukiitafuta kwa kioo cha kukuza, ipo.

Sasa chukueni vile visanduku vya sarafu za zamani mlivyorithi mkazitazame kwa kioo hicho. Rupia ya fedha ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Imperial British East Africa Company, ile kampuni iliyokodi ukanda wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ina H. Vivyo hivyo nusu rupia, robo rupia na ana mbili za mwaka 1890. Zipo shilingi za Afrika Mashariki za mwaka 1922 zenye H, na senti za mwaka huo pia. Mwaka 1936, Zanzibar ilipoacha rupia yake na kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, zilitoka senti tano na senti kumi zenye tundu katikati, zikiwa na jina la Mfalme Edward VIII, ambaye alijiuzulu Desemba ya mwaka huohuo kabla ya kutawazwa. Wauza samaki wa pwani walishika sarafu za jina lake, na Waingereza wa kawaida hawakupata kushika hata moja ya kwao. Baadhi ya senti hizo zina H, na nyingine zina KN, alama ya kiwanda cha Kings Norton, nacho ni cha Birmingham.

Sisemi kwamba kila kitu kilitoka hapa. Sarafu za Sayyid Barghash za mwaka 1299 Hijria zilipigwa Ubelgiji. Nasema tu kwamba kabla ya mtu wa ukoo wetu kuujua mji huu hata kwa jina, kazi ya mikono yake ilikuwa imekwisha kufungwa katika pembe za kanga za bibi zetu.

Reale ina kisa chake, na ndiyo hasa ninayotaka kuieleza. Sura iliyomo ni ya Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Yemen, Uhabeshi, Oman na pwani yetu waliizoea sarafu yake, kwa sababu uzito wake na fedha yake havikubadilika: gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha. Walipoletewa sarafu zenye sura nyingine walizikataa. Kwa hiyo Austria iliendelea kuipiga ileile, kwa mwaka uleule wa kifo chake, muda mrefu baada ya bibi mwenyewe kuwa udongo. Mwaka uliomo ndani yake haukumwambia mtu ilipigwa lini. Ulimwambia kwamba ni reale aliyoizoea, wala hakuna aliyeipunguza.

Mwaka 1935 Italia, iliyokuwa ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilijipatia kutoka Austria haki ya kuipiga sarafu hiyo pamoja na mihuri yake. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliohitaji reale kwa soko la Arabuni na Bahari ya Sham wakajikuta hawana pa kuzipata, na mwaka uliofuata London nayo ikaanza kuzipiga. Baadaye zilipigwa Bombay, na tangu 1949 hadi 1955 zikapigwa hapa Birmingham. Zote zimeandikwa 1780. Wataalamu huzitenga kwa kuhesabu lulu za bizimu ya malkia na manyoya ya mkia wa tai, na hata wao hubishana.

Fikirini sasa. Katika miaka hiyohiyo Wayemeni walikuwa wakiingia Birmingham kutafuta kazi katika viwanda vya chuma, wakipanga vyumba Balsall Heath na mitaa ya jirani. Nyumbani kwao reale ile ilikuwa ndiyo fedha ya soko na ya mahari. Oman ya bara nayo iliitumia mpaka ilipopata riali yake mwaka 1970. Mtu alisafiri kutoka milima ya Yemen kuja kutafuta riziki katika mji ambao ulikuwa ukipiga fedha ya kijijini kwake, na pengine alipita nje ya ukuta ule asubuhi akienda kazini bila ya kujua kilichokuwa kikigongwa ndani.

Nikirudi kwa kijana wetu na neno lake "feki": kitu bandia ni kile kinachodai kuwa na kitu ambacho hakina. Mtu akikupa risasi iliyopakwa fedha, amekughushi. Reale ya Birmingham ilidai kuwa na zaidi kidogo ya gramu 23 za fedha halisi, na ilikuwa nazo. Sonara wa Unguja aliyeigonga mezani akasikiliza mlio wake hakuuliza imetoka Vienna au Icknield Street. Chema chajiuza.

Kwa wale waliong'ang'ania enzi ya Sayyid Said, nawaambia kwa heshima zote: kuikuza reale umri hakumkuzi shangazi. Yeye alivishwa Unguja na watu waliomtaka awe wao. Hilo lilitokea kweli, na waliolishuhudia wapo hai. Tukiibandika sarafu karne mbili za uongo, mjukuu atakapogundua uongo mmoja ataitilia shaka na harusi yenyewe. Nimeona nasaba zilizoharibiwa kwa njia hiyo. Mtu huongeza babu mmoja mashuhuri asiyekuwamo, na wanaokuja nyuma hupoteza imani hata na mababu watano waliokuwamo kwa haki.

Ziko hoja mbili dhidi yangu, na zote zina uzito.

Ya kwanza husema: hiyo Birmingham unayoisifu ilikuwa mkono wa ukoloni. Haikutupigia sarafu kwa mapenzi, ilitupigia ili biashara na utawala wake uende. Ni kweli. Shilingi ya 1922 ilikuwa na robo tu ya fedha, ilhali reale ina zaidi ya sehemu nane katika kumi, na bibi zetu waliielewa tofauti hiyo bila ya kusoma gazeti: shilingi waliitumia sokoni, reale wakaiweka kashani. Sisifu nia ya aliyepiga. Ninachotaka ni jina lake liandikwe daftarini, kwa sababu historia inayotaja wafalme na kuwaacha mafundi, wanawake waliosimama mbele ya mashine na watoto waliobeba vibamba, ni historia ya upande mmoja wa sarafu.

Ya pili ni nzito zaidi, na kwetu sisi wenye damu ya Kiarabu wa pwani haipendezi kuisikia. Reale haikununua nguo na pembe za ndovu peke yake. Ilinunua watu, katika soko la Unguja ambalo halikufungwa mpaka mwaka 1873, na jamaa za watu kama sisi walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Reale za Birmingham zimezuka baadaye sana, hazina doa hilo. Lakini familia inayosisitiza kwamba reale zake ni za kale kweli haina budi kujiuliza wakati huo zilikuwa zikilipia nini. Anayetaka fahari ya karne ya kumi na tisa aichukue pamoja na deni lake. Hili nalo liandikwe, wala lisiachwe kwa wageni watuandikie.

Linalonishughulisha kupita fedha yenyewe ni watoto wetu. Wajukuu zangu wamezaliwa katika mji huu. Wakienda Maskati wanaambiwa ni Wazanzibari. Wakienda Unguja wanaitwa Waarabu, au Wazungu kwa namna wanavyotembea. Hapa Birmingham huulizwa, kwa adabu, wametoka wapi hasa. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kama yeye ni Mswahili wa kweli, maana Kiswahili chake kina makosa na hajawahi kupanda jahazi. Nimesikia swali hilo katika nyumba nyingi za jamaa, na nimewasikia wazee wakilijibu kwa kicheko au kwa kejeli, kana kwamba mtoto aliyezaliwa mbali ni nakala iliyofifia ya mtu aliyezaliwa Malindi au Mji Mkongwe.

Mimi siafiki. Kuzaliwa Birmingham hakumpunguzii mtoto asili, ila atapungukiwa tukimnyima kilichotakiwa kuwemo ndani yake: lugha, adabu, majina ya watu wake, na kweli yao yote pamoja na mabaya yake. Hayo yakiwemo, mahali alipopata sura yake ni alama tu, mfano wa H, na alama haifichwi. Yasipokuwemo, hata angezaliwa ndani ya msikiti wa babu yake, angekuwa na sura bila fedha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kiwanda cha Icknield Street kilidumu miaka 153 tangu ule mnada wa 1850. Kilipita vita viwili vya dunia na kuzaliwa kwa mataifa mengi yaliyokiagiza sarafu. Mwaka 2003 kikafungwa. Sehemu kubwa ya majengo imebomolewa, umebaki uso wa matofali mekundu upande wa barabara. Ukiupita kwa basi huoni lolote la kukuambia kwamba rupia ya Mombasa ilitoka mle. Kazi ya Boulton imesalimika zaidi kwa sababu karatasi zake zilihifadhiwa, na leo ziko katika maktaba kuu ya mji, barua kwa barua, hesabu kwa hesabu. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na karatasi zao nyingi ni vichwa vyao.

Kwa hiyo nilishauri katika mirathi ile kwamba reale zisiuzwe kwa mizani. Ziko nne, na matawi ya ukoo wa shangazi ni manne. Kila tawi lichukue moja, thamani yake ihesabiwe katika fungu la kila mrithi kama sharia inavyotaka, na kila moja ifuatane na karatasi. Nawashauri nanyi mfanye hivyo kwa kila kitu cha madini mlicho nacho, kiwe reale, buli ya kahawa, sinia ya shaba, jambia au kufuli ya kasha. Andikeni uzito wake, alama yoyote iliyomo hata kama hamjui maana yake, nani alimpa nani, wapi, kwa sababu gani, na nani anayesimulia. Tarehe msiyoijua iacheni wazi. Nafasi tupu katika daftari haina aibu, kwani anayekuja nyuma anaweza kuijaza, na akikuta uongo itambidi kwanza aufute. Na mkiamua kuuza, kwa sababu shida ni shida, mwambieni mnunuzi kweli.

Wenye rupia za Mombasa, senti za tundu au reale ndani ya nyumba zao, nitashukuru wakinitumia maelezo yake pamoja na majina ya waliozivaa au kuzihifadhi. Nitayaingiza katika daftari la ukoo kwa mkono wangu, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, maadamu macho yangali yanaona.

Wabillahi tawfiq.